Vichezeo vya Krismasi Kampala: namna ya kuchagua na kununua kabla havijaisha

Kila mwaka ikifika Desemba 20, maduka ya katikati ya Kampala yana sura moja. Wazazi wamebanana mlangoni, rafu zimebaki na vile walivyokataa wengine, na muuzaji anataja bei huku ameshamgeukia mteja anayefuata. Anayenunua siku hiyo anaokota kilichobaki, tena kwa bei ya juu. Mwongozo huu ni kwa mzazi, shangazi, mjomba au bibi anayetaka mtoto apate anachokipenda kweli, kwa bei ya haki, na kisichomdhuru. Kazi yenyewe inaanza Oktoba, na inafaa iwe imekwisha kabla shule hazijafunga muhula wa tatu.

Elewa kwanza mzigo unatoka wapi

Vichezeo vingi vinavyouzwa Uganda vimetengenezwa China. Vinapakiwa kwenye kontena, vinakuja kwa meli hadi Mombasa, halafu vinapandishwa kwa lori zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Malaba au Busia mpaka Kampala. Jumlisha bahari, bandari, forodha na barabara, utaona kwamba mzigo ulioagizwa Desemba hauwezi kuiwahi Krismasi. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, huagiza mapema, mara nyingi mzigo mmoja tu wa msimu, akikisia watoto watapenda nini. Akikisia vizuri, mzigo unamwishia Desemba ikiwa bado changa. Hata akipiga simu kwa wakala wake Guangzhou siku hiyohiyo, kontena jipya litamkuta mwaka mpya, na baada ya hapo viwanda vya China navyo vinafunga kwa ajili ya mwaka mpya wao.

Kuna jambo la pili. Kikuubo hailishi Kampala peke yake. Wenye maduka ya Jinja, Mbale, Mbarara, Gulu na Arua wanachukulia mzigo hapohapo, na wakija hubeba maboksi mazima. Kichezeo kikikauka Kikuubo, usitegemee kukikuta Mukono kwa bei ileile. Ndiyo maana mwenye kununua katikati ya Novemba anachagua kwa raha, na wa wiki ya Krismasi anachaguliwa na muuzaji.

Hatua ya kwanza: Oktoba, mtazame mtoto akicheza

Usianze na duka, wala usianze na tangazo. Anza uani kwako. Mtoto anayepanga vifuniko vya soda kwa rangi, safu baada ya safu, anakuonyesha kwamba atafurahia bloksi za kujengea au puzo, ile picha ya kuunganisha vipande. Anayefunga mto mgongoni kwa leso na kuubembeleza anataka mdoli na vyombo vyake. Anayefungua kila rimoti ya nyumbani aone kilichomo ndani anahitaji kitu cha kufungua na kufunga tena. Na yule asiyekaa kitako hata dakika moja, mpe mpira, kamba ya kuruka au baiskeli, usimnunulie cha kukalia.

Kisha muulize, lakini muulize vizuri. "Unataka nini Krismasi?" ataijibu kwa kutaja alichokiona jana kwenye simu ya mtu. Muulize, "Ukikipata utacheza nacho vipi, na nani?" Mwenye hamu ya kweli atakueleza mpaka umwambie basi. Akikujibu kwamba fulani darasani anacho, ngoja wiki mbili, umuulize tena. Ombi likiwa lilelile baada ya wiki mbili, hilo ndilo la kuandika kwenye orodha.

Hatua ya pili: tenganisha kinachovuma na kinachodumu

Kila mwaka kuna kichezeo kinachowapagawisha watoto. Mwaka 2017 kilikuwa spina, kile kidude cha kuzungusha kidoleni. Mwaka 2021 zilikuwa pop it, zile mpira za rangi zenye matuta ya kubonyeza. Mwaka 2025 ikawa Labubu, mdoli wa manyoya mwenye meno unaouzwa na kampuni ya Pop Mart ya China. Wimbi la namna hii huja kwa kasi na kuondoka kwa kasi. Nchi tajiri hazijaponyoka: Krismasi ya 1996 huko Marekani, mdoli wa Elmo anayecheka ukimtekenya, uliokuwa ukiuzwa chini ya dola 30 dukani, uliadimika mpaka watu wakawa wanauziana kwa mamia ya dola.

Sisemi umnyime mtoto kinachovuma. Kuwa na kile ambacho wenzake wanakizungumzia ni furaha halisi kwa mtoto, na mzazi anayeidharau furaha hiyo amesahau utoto wake. Ninachoshauri ni kiasi: kama ni kitu cha kuvuma, kiwe kidogo na cha bei ndogo, na ukinunue mapema kuliko vyote, kwa sababu ndicho kitakachoisha kwanza. Fedha kubwa iende kwenye kinachodumu: baiskeli, bloksi, mpira mzuri wa ngozi, mdoli imara, ubao wa ludo.

Kinachovuma pia ndicho kinachoigwa sana. Agosti 2025 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliwaonya wazazi kuhusu Labubu za bandia, kwa kuwa zinaachia vipande vinavyoweza kumkaba mtoto mdogo. Labubu halisi ana meno tisa, hesabu. Kwa vichezeo vingine, soma maandishi ya boksi: jina lililokosewa herufi moja, picha iliyofifia na kukosekana kwa jina la mtengenezaji ni dalili tosha. Nusa pia. Harufu kali ya rangi au ya plastiki inayokuwasha pua haifai kumwekea mtoto kitandani.

Hatua ya tatu: umri na usalama, hapa usiharakishe

Karibu kila boksi lina umri ulioandikwa. Ukiona alama ya duara lenye uso wa mtoto na 0-3 vikiwa vimepigwa mstari, kichezeo hicho hakiwafai walio chini ya miaka mitatu. Watu wengi hudhani alama hiyo inapima akili, wakasema, "Wangu ni mwerevu, ataweza." Haihusiani na werevu. Inahusu koo. Mtoto wa umri huo hujua vitu kwa kuvitia mdomoni.

Kipimo cha nyumbani ni kiini cha karatasi ya chooni, ile bomba ya boksi inayobaki karatasi ikiisha. Chochote kinachopita humo ndani kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Beba kiini kimoja mfukoni unapokwenda dukani. Jaribu magurudumu, macho ya mdoli, vifungo. Vuta jicho la mdoli kwa nguvu: likilegea mkononi mwako, litang'oka kwa meno ya mtoto.

Kuna vitu vitatu ambavyo ningependa kila mzazi avijue kwa jina.

Cha kwanza ni betri bapa za duara, zile zinazofanana na kifungo cha shati au sarafu. Zimo kwenye vichezeo vinavyoimba, vinavyowaka taa, kadi za Krismasi zenye muziki, na saa za watoto. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2 tu. Kichezeo chenye betri ya aina hii lazima kifuniko chake kiwe kimefungwa kwa skrubu. Kama kinafunguka kwa ukucha, rudisha rafuni. Na ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe wala usisubiri uone. Mkimbize hospitali na utamke neno betri mlangoni.

Cha pili ni sumaku ndogo zenye nguvu, zile gololi zinazong'aa. Zikimezwa mbili au zaidi hukamatana zikiwa pande mbili za utumbo na kuutoboa.

Cha tatu ni shanga za maji, vile vijipunje vya rangi vinavyovimba vikilowekwa. Vinavimba vivyo hivyo tumboni. Nyumba yenye mtoto anayetambaa visiingie kabisa.

Shirika la viwango, UNBS, lina utaratibu wa bidhaa nyingi kukaguliwa huko zitokako kabla ya kupakiwa kuja Uganda. Ni kazi ya maana. Hata hivyo mipaka ni mirefu na si kila kinachofika sokoni kimepitia mlangoni, kwa hiyo jicho lako na kiini chako cha boksi bado vina kazi.

Ukishamaliza usalama, umri unakusaidia kuchagua. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hufurahia kusukuma, kubomoa na kupanga tena: bloksi kubwa, mpira mlaini, gari la kuvuta. Wa miaka mitatu hadi sita anaigiza maisha: vyombo vya jikoni, vifaa vya daktari, mdoli. Kuanzia sita, michezo yenye sheria na ushindani inaanza kumvuta. Kwa walio na miaka minane na kuendelea ningeweka chess kwenye orodha ya kila nyumba. Ubao wake ni wa bei nafuu, hauhitaji umeme, na Kampala tuna mfano hai: Phiona Mutesi alijifunza mchezo huo Katwe, akaenda kuichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chess na kupata cheo cha kimataifa mwaka 2012.

Baiskeli isemwe peke yake, maana ndiyo watu hukosea zaidi. Hupimwa kwa inchi za gurudumu: 12 kwa mtoto wa miaka mitatu hivi, 16 kwa wa mitano, 20 kwa wa saba au nane. Lakini miguu ndiyo inayoamua kuliko miaka. Akikaa kwenye kiti, nyayo ziguse chini. Kununua kubwa "atakua nayo" kunamfanya aanguke, aogope, na baiskeli ikae stoo mwaka mzima.

Hatua ya nne: bajeti, na ada za Februari

Desemba ina tabia ya kutusahaulisha kwamba muhula wa kwanza unafungua baada ya wiki chache tu. Toa ada kwanza, toa nauli ya kijijini, ambayo nayo hupanda wiki ya Krismasi, ndipo ugawe kilichobaki. Tuseme umebaki na shilingi 150,000 na watoto watatu. Usigawe 50,000 kwa kila mmoja kama sheria. Mdogo wa miaka miwili atafurahi vilevile na kitu cha 20,000, na wa miaka tisa anajua tofauti. Tenga pia fungu la betri. Gari la rimoti linaweza kula betri nne au sita, na za bei ya chini sana huisha kabla ya chakula cha mchana.

Kama fedha haitoshi Novemba, maduka mengi ya mtaani yanakubali ulipe kidogo kidogo. Weka malipo ya kwanza, wakuwekee kitu chako pembeni, na uhakikishe risiti imeandikwa jina la kichezeo, rangi, bei mliyopatana na kiasi ulicholipa. Bei isipoandikwa, Desemba itakuwa nyingine.

Hatua ya tano: mahali pa kununua

Kikuubo na maduka ya Luwum Street na William Street ndiyo yenye bei nzuri, hasa mkienda akina mama watatu au wanne na kuchukua dazani kwa bei ya jumla mkagawana. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, na simu iwe ndani kabisa. Maduka makubwa ya Acacia, Oasis au Lugogo ni ghali zaidi, lakini unashika kitu kwa utulivu na unaondoka na risiti.

Soko la Owino lina vichezeo vya mitumba, na kwa plastiki ngumu na bloksi mara nyingi ni imara kuliko vipya vya bei ileile. Osha kwa maji ya moto na sabuni, kagua sehemu ya betri kama ina kutu, hesabu vipande.

Mtandaoni, Novemba ni mwezi wa punguzo. Andika bei ya kichezeo Oktoba, ndipo utajua kama punguzo ni la kweli. Lipa unapopokea, na ufungue mbele ya mwenye boda kabla hajaondoka. Kwa wauzaji wa WhatsApp na TikTok, usitume fedha kwa simu kwa mtu usiyemjua. Mwombe akutumie video fupi akikishika kichezeo, pembeni kuna karatasi yenye jina lako na tarehe. Mwenye bidhaa atafanya hivyo kwa dakika moja.

Hatua ya sita: kijaribu kabla hujalipa

Risiti nyingi za Kampala zina mstari unaosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Basi jaribio lako ni pale kaunta. Msimu uliopita nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa ananunua gari la rimoti, na namna alivyofanya ndiyo ninayoipendekeza.

"Mama, hii ndiyo ya mwisho," kijana wa duka alimwambia.

"Sawa mwanangu, niwekee betri tulione."

"Ni jipya hili, mama. Linatoka kwenye boksi sasa hivi."

"Naona. Weka betri, litembee hapa."

Gari likaenda mbele vizuri, likagoma kurudi nyuma. Mama hakupandisha sauti. Akaomba lingine, na kijana akaingia stoo akatoka na mawili. La kwanza lilikata kushoto tu, kulia halitaki. La mwisho likaenda kila upande, taa zote mbili zikawaka, na hilo ndilo alilolipia. Akaomba pia kijana aandike kwenye risiti kwamba likiharibika ndani ya siku saba atabadilishiwa, na kijana akaandika.

Fanya hivyo kwa kila kitu. Baiskeli, shika breki ukiisukuma. Puzo, hesabu vipande. Mdoli, zungusha mikono. Kitu cha kuimba, kisikilize ukikisogeza sikioni: kama kinakuumiza wewe, kinamuumiza mtoto zaidi. Cha kuchaji, soma maandishi ya chaja. Umeme wetu ni volti 240, na kichezeo alichotuma ndugu kutoka Marekani chenye chaja ya volti 110 au 120 pekee kitaungua siku ya kwanza. Kama imeandikwa 100-240, hakina shida.

Hatua ya saba: kikiwa kimeshaisha

Usikimbilie kununua chochote kinachofanana. Rudi kwenye jibu la mtoto: alitaka akifanyie nini? Aliyeomba droni anataka kitu kipae, na tiara ya karatasi na vijiti anaweza kuirusha mwenyewe akishirikiana na baba yake. Aliyeomba kibao cha kielektroniki cha kuchorea atafurahia karatasi kubwa na rangi nyingi kuliko unavyodhani.

Halafu kuna mafundi wetu, ambao mzigo wao haungoji meli. Vibanda vya kazi za mikono vya Buganda Road na nyuma ya National Theatre vinauza magari ya waya, wanyama wa mbao na midoli ya majani ya mgomba. Ubao wa mweso, bao letu lenye mashimo 32 na mbegu 64, ni zawadi ambayo babu atamfundisha mjukuu. Ukiwa na seremala unayemwamini, mpe kazi ya lori la mbao au kitanda cha mdoli mwishoni mwa Novemba. Mwambie apige msasa mpaka pembe ziwe laini, misumari isitokeze, na rangi isiwe na madini ya risasi.

Kwa wanaojiandaa na Idi hesabu ni nyingine. Tarehe inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii Idi ndogo inapoangukia Machi, madukani kuna masalio ya Krismasi yanayouzwa kwa bei ya chini. Nunua Januari uweke.

Hatua ya nane: fikiria kijijini

Familia nyingi hazifanyi Krismasi Kampala. Zinapanda basi tarehe 22 au 23 kwenda Masaka, Soroti, Fort Portal, na huko uani kuna watoto kumi na wawili wa kaka na dada. Gari moja la rimoti mikononi mwa mtoto mmoja wa mjini, wengine kumi na wawili wakitazama, si jambo jema kwa yeyote. Wenyeji wataona unyonge, na mtoto wako ataambiwa ana uchoyo kwa kosa ambalo si lake.

Kwa hiyo gawanya manunuzi mafungu mawili. Kitu cha thamani cha mtoto mwenyewe kibaki Kampala, akipate kabla ya safari au mkirudi. Cha kupeleka kijijini kiwe cha uwanja mzima: mpira wa miguu na pampu yake pamoja na sindano ya akiba, kamba mbili ndefu za kuruka, ubao wa ludo na kete za ziada, puto. Kila mtoto wa kule apate kitu kidogo kinacholingana na mwenzake, na rangi ziwe sawa, maana ugomvi wa rangi unashinda ugomvi wa ukubwa. Piga simu kwa shangazi au mama mkubwa aliyeko kule mapema Desemba akutajie majina na umri wa watoto watakaokuwepo. Usikisie.

Usiku wa kuamkia safari, fungua maboksi yote: kaza skrubu, chaji kinachochajiwa, tia betri kwenye mfuko mmoja na bisibisi ndogo. Maduka ya kijijini yana betri kubwa za tochi na redio, lakini zile nyembamba zinazotumiwa na vichezeo vingi huisha tarehe 25 asubuhi, kwa hiyo beba seti mbili za kila ukubwa. Boksi tupu na risiti viache nyumbani Kampala mpaka zile siku saba zipite.